Umri wa Tufe la Bibi

Mwaka juzi, Jumatatu ya Pasaka, mjomba wangu na mama yangu mdogo waligombana kwa sababu ya tufe la kioo, na kabla chai haijaletwa mimi nilikuwa nimeshafanywa hakimu. Sikuomba kazi hiyo. Nilikuwa nimekwenda kwa bibi kula pilau.

Bibi anakaa Kilosa mjini, si mbali na stesheni ya zamani, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ambayo babu aliijenga kabla sijazaliwa. Babu alikuwa tarishi katika ofisi ya shamba la mkonge upande wa Kimamba. Meneja wa shamba alipofunga virago, wafanyakazi wa ofisini waliambiwa kila mmoja achague kitu cha kumbukumbu. Wenzake walichukua viti. Mmoja alibeba saa ya ukutani. Babu alikuwa na baiskeli isiyo na keria, kwa hiyo akachukua kitu kilichoingia mfukoni: tufe la kioo lililokuwa likikaa juu ya karatasi za meneja ili zisipeperushwe na feni.

Ni tufe la ukubwa wa chungwa, limesawazishwa chini ili likae. Ndani yake kuna maua madogo madogo, mekundu, meupe na ya buluu, yamesongamana kama watu mnadani. Ukilitazama kwa juu maua yanakua. Ukiinamisha kichwa yanakimbilia upande wa pili. Tulipokuwa watoto tulipanga foleni kulitazama, na aliyetazama sana alipigwa kiwiko.

Mjomba ni kifungua mimba wa bibi. Amestaafu kazi ya reli, ni mzee wa kanisa, na sijawahi kumsikia akisema "sijui" mbele za watu. Kwake yeye tufe lile ni la Mjerumani. Kila kitu kigumu kuvunjika, kwa mjomba, ni cha wakati wa Mjerumani: madaraja, masanduku ya chuma, hata meno ya marehemu babu yake. Mama mdogo, ambaye analima mahindi na mbaazi Kisanga, anasema ni la Mgiriki, kwa kuwa wenye mashamba ya mkonge anaowakumbuka bibi walikuwa Wagiriki.

"Tangu lini Mgiriki akajua kutengeneza kioo?" mjomba aliuliza siku hiyo ya Pasaka.

"Tangu lini Mjerumani akajua kutengeneza maua?" mama mdogo akamjibu.

Wakaendelea hivyo hadi wali ukapoa. Kilichokuwa chini ya maneno yale sote tulikijua: kila mmoja alitaka tufe liende kwake siku bibi atakapoondoka duniani, na bibi mwenyewe alikuwa ameketi pale pale akiwasikiliza wakimgawa.

"Haya, basi," bibi alisema, akaweka kijiko chini. "Atakayeniambia lilitengenezwa wapi na lina umri gani, kwa ushahidi, si kwa makelele, ndiye atakayelichukua. Na mwalimu ndiye atakayepima."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha fizikia sekondari, na katika ukoo wetu hilo linatosha kufanya niitwe redio ikiharibika, mtoto akimeza sarafu, na mvua ikichelewa.

Nilianza kwa kitu ninachokijua. Jumanne nililipeleka tufe maabara ya shule, nikalipima kwenye mizani, kisha nikalizamisha kwenye chombo kilichojaa maji hadi mdomoni na kuyapima maji yaliyomwagika. Nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa Ulaya wa zamani, hasa Wafaransa na Waingereza, walipenda kuchanganya madini ya risasi kwenye kioo chao cha thamani ili king'ae, na kioo cha namna hiyo kinakuwa kizito: mara tatu ya uzito wa maji au zaidi. Kioo cha kawaida, cha chupa na madirisha, ni kama mara mbili na nusu. Tufe la bibi lilitoka mbili na nusu. Nilirudia mara tatu, nikimwaga maji hadi kwenye viatu, na jibu halikubadilika. Jioni nikalirudisha tufe kwa bibi.

Nilimpigia mjomba simu.

"Halina risasi, mjomba. Huenda si la Ulaya."

"Mjerumani hakuwa mjinga wa kuweka risasi mezani," alisema. "Risasi aliziweka kwenye bunduki."

Nikajua kwamba fizikia peke yake haitatosha.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Mikumi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha chupa Dar es Salaam, na kwa ujana wake wote alikuwa mtu wa tanuri. Kiwandani walimpeleka China kwa mafunzo, na huko akaambukizwa ugonjwa wa kupenda vioo. Alipostaafu alijenga mgahawa kando ya barabara kuu, pale malori ya Iringa yanapopumzika, na nyuma ya kaunta, badala ya kupanga soda, alipanga vioo vyake.

Jumamosi nililipitia tena tufe kwa bibi nikaenda Mikumi, limefungwa kwenye taulo mapajani mwangu. Abiria wa kando yangu aliniuliza kama ni dafu. Nikasema ndiyo, maana maelezo ya kweli yangetufikisha Ulaya, kile kijiji cha njiani, kabla sijayamaliza, na neno Ulaya lenyewe lingezidi kumchanganya.

Mzee nilimkuta akigombana na dereva wa lori kuhusu supu. Mfupi, kofia ya kufuma, mikono yenye makovu madogo madogo mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Supu imeisha, kuna maini."

Nilifungua taulo. Aliacha maini, aliacha dereva, akafuta mikono kwenye aproni mara mbili, mbele na nyuma, kabla ya kulishika.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kulitazama. Alifumba macho akalipapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akachukua tufe jingine kutoka rafuni kwake, akaniwekea moja kila mkono.

"Hili langu ni la Ufaransa. Sikia uzito. Sasa papasa yote mawili. Ngozi ya hili la kwenu ikoje?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa kuhusu ngozi ya kioo. Nikapapasa. Lake lilikuwa baridi na kavu. La bibi lilikuwa na utelezi mdogo, kama sahani iliyooshwa bila sabuni ya kutosha.

"Lina kama mafuta," nilisema.

"Eeh! Shika neno hilo." Alifurahi kana kwamba nimefaulu mtihani. "Sasa liinue kwenye mwanga, ulitazame kwa ubavu. Rangi gani?"

"Halina rangi."

"Tazama tena."

Nilitazama tena nikaona: kioo kilichozunguka maua kilikuwa na umanjano hafifu, kama maji yaliyochemshiwa mchaichai kidogo sana. Lake lilikuwa jeupe kama hewa.

Kisha akanifundisha kusoma maua. Fundi, alisema, huvuta fimbo ndefu ya kioo yenye rangi za mviringo ndani yake, halafu huikata vipande vyembamba, kama mpishi anavyokata bamia. Kila kipande ni ua. Vipande hupangwa, humwagiwa kioo cha moto juu, na ndiyo bustani. Katika tufe la Mfaransa, kila bamia imekatwa sawasawa na kusimama wima. Baadhi ya mafundi waliingiza hata herufi au mwaka katika kipande kimoja, na hapo pia mtu asikimbilie kushangilia, kwa kuwa walikuwapo waliotia mwaka wa uongo makusudi. Alinipa lenzi. Katika tufe la bibi bamia zilikuwa zimelala, nyingine zimepinda, mbili zimeyeyukiana kabisa. Herufi haikuwapo. Mwaka haukuwapo.

"Huyu fundi alikuwa na haraka," nilisema.

"Alikuwa akiiga," alisema mzee. "Ukiiga, unaiga lile unaloliona. Haraka ni yako mwenyewe."

Alitaka kulimulika kwa taa. Ilikuwa taa ndogo ya zambarau, ya aina ile ambayo mawakala wa pesa za simu huitumia kukagua noti bandia, na alikuwa ameiazima kwa wakala wa jirani. Lakini ilikuwa saa sita mchana na Mikumi yote inawaka jua. Kwa hiyo akachukua kitenge cha mkewe kilichokuwa kwenye kamba, akajifunika kichwa, akaniita na mimi niingie. Nikaingia. Hapo ndipo nilipokuwa, mwalimu wa sekondari mwenye miaka arobaini na kitu, nimejifunika kitenge kimoja na mzee nisiyemjua kando ya barabara kuu, huku madereva wa malori wakiacha kutafuna.

"Mna nini humo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Tunatazama kioo!"

"Na kitenge changu kinatazama nini?"

Chini ya kitenge, tufe la Kifaransa liliwaka buluu hafifu. La bibi likawaka kijani cha manjano, kama macho ya paka. Kila kioo, mzee alininong'oneza, huijibu taa hii kwa lugha ya viungo vyake, na haya mawili hayakupikwa jiko moja.

Tulipotoka alifikia sehemu aliyokuwa ameiweka mwisho makusudi. Aligeuza tufe akatazama kitako. Katikati palikuwa na kovu la duara, pale fundi alipolikata tufe kutoka kwenye fimbo ya chuma iliyokuwa ikilishikilia. Mafundi wa kiwandani kwao waliliita kitovu. Wengine hukisugua kitovu hadi kiwe bakuli laini, wengine hukiacha kikwaruze. Hiki kilisuguliwa nusunusu.

Baada ya hapo mzee akainama zaidi. Akasogeza lenzi, akasogeza kiti.

"Hapa sasa mnanichanganya," alisema. "Kioo kikikaa mezani miaka, kitako kinapata mikwaruzo midogo, huku na huku, bila mpango. Hapo ndipo tunaposoma umri. Mikwaruzo ikielekea upande mmoja yote, kuna mtu amesugua kwa msasa ili adanganye. Hii ya kwenu inakwenda kwa duara. Na imekula sana. Juu kijana, chini mzee wa miaka mia tatu."

Alilisogeza tufe karibu na uso, akatia pua kwenye kitovu ili anuse. Akavuta pumzi.

Alipiga chafya moja iliyomwamsha mbwa. Ya pili ikamwangusha kofia. Ya tatu ilipokuja nilikuwa nimeshaliokoa tufe mkononi mwake, na mkewe alikuwa mlangoni na mwiko.

"Mwalimu," alisema mzee, machozi yakimtoka, "hii ni tumbaku."

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikachokoa kitovu kwa ncha ya kalamu, na unga wa kahawia ukadondoka juu ya meza. Ugoro. Ulikuwa umejificha kwenye kovu lile, umesagwa laini, na haukuwa wa zamani hata kidogo. Harufu yake ilikuwa ya wiki hii.

Katika nyumba ya bibi hakuna mtu mwingine anayelishika tufe. Nilikaa pale nikacheka hadi mkewe mzee akaniletea maji.

Hukumu ya mzee ilikuwa hivi, na nikaiandika kwenye daftari: tufe limetengenezwa China, kwa kuiga kazi ya Wafaransa, kabla ya vita kuu ya pili au muda mfupi baada yake. Sababu ni wepesi, umanjano, ule utelezi wa mafuta, na bamia zilizolala. Nilipomwomba mwaka kamili alitikisa kichwa. "Anayekutajia mwaka wa kioo kisicho na maandishi anakuuzia kitu," alisema. Kuhusu mikwaruzo ya chini, alisema hilo ni suala la familia.

Njia nzima ya kurudi Kilosa niliwaza namna ya kusema. Mjomba, niwakumbushe, ni mzee wa kanisa. Mara mbili kwa macho yangu nimemwona akisimama mbele ya waumini kukemea tumbaku ya kila aina, ya kuvuta, ya kutafuna na ya kunusa, huku bibi ameketi benchi la pili, mikono juu ya mkoba, akiitikia amina kubwa kuliko wote.

Jumapili baada ya ibada tulikutana kwa bibi. Mjomba alivaa suti. Mama mdogo alikuja kutoka Kisanga na kapu la mbaazi mbichi, kwa upande mmoja kama zawadi na kwa upande mwingine, nadhani, kama hongo. Nikaweka tufe mezani nikasoma daftari langu kama ninavyosoma matokeo ya wanafunzi, kwa sauti isiyo na huruma. China. Kuiga. Labda miaka themanini na kitu, labda zaidi kidogo.



"Mchina?" alisema mjomba.

"Mchina," nilisema.

"Basi si Mjerumani," alisema mama mdogo, akiwa na furaha ya mtu aliyeshindwa pamoja na adui yake.

Mjomba hakukubali. Alichukua tufe, akaligeuza, akaweka kidole kwenye kitako kilicholika.

"Na hii? Hii ni miaka themanini? Fizikia yako inasemaje kuhusu hii? Kitu hiki kimetumika! Kimekaa kwenye meza ya boma, kimesukumwa na maofisa, kimezungushwa na watu wenye kazi nzito!"

"Hiyo ni mikwaruzo ya... ya jikoni, mjomba."

"Jikoni gani? Nani atasaga kitu kwa kioo?"

"Sijui, mjomba. Labda viungo."

"Viungo gani? Sema, mwalimu. Hapa tumekuja kusikia ushahidi."

Nilimtazama bibi. Alikuwa ametulia, anachambua mbaazi, na pembe ya mdomo wake ilikuwa ikicheza. Niliona kwamba anajua ninajua. Nikaona pia kwamba hanisaidii, ananiangalia jinsi nitakavyotoka mtegoni, kama alivyoniangalia utotoni nilipopanda ukuta nikashindwa kushuka. Nikafungua mdomo niseme tangawizi.

"Mjerumani wako huyo ni mimi," bibi alisema.

Mjomba aligeuka.

"Nasagia ugoro. Juu ya lile jiwe la nyuma. Kila Jumatano, ninyi mkiwa mnadani." Alitupa ganda la mbaazi kwenye kapu. "Tangu kabla hujaota meno. Nilijaribu mawe yote ya mto Mkondoa, hakuna linalolainisha kama hili."

"Mama!"

"Abee."

"Wewe? Ugoro? Na kanisani unaitikia amina!"

"Naitikia maombi ya mwanangu. Ulitaka ninyamaze, watu wakucheke?"

Mama mdogo alikuwa ameziba uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Mjomba alisimama, akakaa, akavua koti la suti, akalivaa tena. Alitafuta mtu wa kumlaumu na nadhani kwa sekunde chache mtu huyo alikuwa mimi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Baba alijua?"

"Baba yako ndiye aliyekuwa akininunulia jani," bibi alisema. "Hakunusa hata siku moja. Alikuwa akikaa pale mlangoni kunisimulia habari za ofisini, mimi nasaga. Ndiyo yalikuwa maongezi yetu."

 Mjomba alilitazama tufe mkononi mwake, akalirudisha mezani polepole, kitako chini, kama mtu anayemlaza mtoto.

Ni mama mdogo aliyekumbusha jambo lililotuleta. Alifuta macho akauliza, kwa hiyo nani amelishinda?

"Wewe ulisema Mgiriki," bibi alisema. "Kaka yako alisema Mjerumani. Mwalimu alisema Mchina, lakini habari ya chini aliificha, nimemwona. Aliyesema kweli yote ni mimi. Basi nalichukua mimi." Akaliinua, akalifunga kwenye pindo la khanga yake, na mashindano yakaisha.

Nilikasirika kidogo, nikiri. Nilikuwa nimelowanisha viatu na kuingia chini ya kitenge cha watu kwa ajili ya ushahidi ule. Lakini nilipokuwa nikiondoka nilimwona mjomba ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, akimuuliza mama yake ni habari gani hasa za ofisini babu alikuwa akizisimulia. Bibi alikuwa akimsimulia kuhusu karani aliyefungiwa stoo ya kamba za mkonge. Mjomba alicheka mahali ambapo nadhani babu pia alikuwa akicheka, kwa kuwa bibi alisita hapo kumsubiri.

Mpaka leo mjomba anakwenda kwa bibi kila Jumatano. Anapofika anakohoa kwanza uani, ili bibi apate nafasi ya kuficha, na bibi hafichi. Kanisani hajakemea tumbaku tena. Amehamia kwenye pombe.

Mzee wa Mikumi alinipigia wiki iliyofuata. Alitaka picha ya kitako, kwa ajili ya kumbukumbu zake, maana katika maisha yake yote hakuwahi kuona mkwaruzo wa namna ile. Nilikwenda kwa bibi asubuhi kabla ya vipindi, nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya veranda, simu mkononi, nikimwomba aliinue tufe juu kidogo, upande wa jua.

"Utanitoa na mimi pichani?" aliuliza.

"Mkono tu, bibi."

"Ngoja basi," alisema, akaliweka tufe chini na kuingia ndani kutafuta bangili.